Sahani nzima ya ELISA imegeuka njano

Ndugu, umesema kipimo chako cha ELISA (kinachotafuta kingamwili kwa mabadiliko ya rangi), cha IgG, aina ya kingamwili, dhidi ya virusi vya korona kimetoa njano kila kisima, hata kwenye kontroli hasi, yaani sampuli inayojulikana haina kingamwili hiyo. Majibu ya sahani hiyo usimpe mgonjwa yeyote.

Anza na TMB, kimiminika kinacholeta rangi, maana ndiyo rahisi kukagua. Tia mikrolita 100 kwenye kisima kipya kisichotiwa kitu kingine, kaa nayo dakika kumi gizani. Ikibaki angavu, iko salama. Ikiingia ubluu, imechafuliwa na konjugeti (kingamwili iliyounganishwa na kimeng'enya kinachoipa TMB rangi), mara nyingi kwa sababu beseni moja la pipeti lilitumika kwa vyote viwili. Mwaga, na usirudishe kamwe mabaki kwenye chupa.

TMB ikiwa safi, huenda kosa liko kwenye kuosha. Jaza kila kisima mikrolita 300 hadi 350, acha sekunde 30, mwaga, kisha pindua sahani uigonge kwa nguvu juu ya karatasi kavu. Rudia kadiri kiti (seti ya kipimo kutoka kiwandani) inavyoagiza. Angalia hasa tundu za mashine ya kuoshea: chumvi ya bafa (maji ya kuoshea) hukauka humo, na safu moja inabaki na konjugeti bila wewe kujua.

Hakikisha pia seramu, yaani majimaji ya damu ya mgonjwa, ilizimuliwa. Kiti nyingi zinataka 1:101, yaani mikrolita 10 kwenye 1000 za bafa ya kuzimulia.

Asidi ya kusimamisha, inayogeuza ubluu kuwa njano, itie kwa mpangilio uleule uliotia TMB, halafu soma kwa nanomita 450 ndani ya dakika 30.