Vidonge vya manjano na figo iliyopandikizwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu alipandikizwa figo miezi miwili iliyopita, dada yetu ndiye aliyemtolea. Jirani ametuletea vidonge vya manjano na pilipili manga, anasema antioksidanti zake huilinda figo mpya. Tumpe?

JIBU: Marahaba. Msimpe. Jirani yenu hakosei kuhusu antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza molekuli kali zinazoumiza seli, ila wakati wake umeshapita.

Figo ikitolewa mwilini hukosa damu. Seli zake huishiwa nguvu, na taka za kikemikali hurundikana. Ajabu ni kwamba jeraha kubwa huja damu inaporejea: oksijeni huingia kwa kishindo na kuzalisha molekuli kali zinazoshambulia kuta za seli. Hapo ndipo antioksidanti ingefaa. Hata maji ya kuhifadhia viungo yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, yana glutathioni na alopurinoli kwa sababu hiyo hiyo.

Manjano nayo yamejaribiwa. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 43 waliopewa figo za marehemu. Baadhi yao walimeza vidonge vyenye kurkumini ya manjano miligramu 480 na kwesetini, kemikali nyingine ya mimea, miligramu 20, kwa mwezi wa kwanza tu. Waliopewa dozi kubwa, figo zao zilianza kazi vizuri zaidi. Inatia moyo, lakini watu 43 ni wachache mno kujengea matibabu. Tena figo ya marehemu hukaa kwenye barafu saa nyingi. Ya dada yenu, kwa kawaida, hutoka kwake ikaingia kwa mdogo wako baada ya muda mfupi, kwa hiyo hata jeraha lenyewe huwa dogo.

Kinachonitia hofu ni hiyo pilipili manga. Kama wengi waliopandikizwa, huenda anatumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo. Dawa hii huvunjwavunjwa na kimeng'enya kilichoko kwenye utumbo na ini. Piperini ya pilipili manga hukizuia kimeng'enya hicho, na kurkumini nyingi pia inashukiwa. Dawa ikizidi kwenye damu, mikono hutetemeka na figo ile ile inaumia. Balungi lina tabia hiyo hiyo, aliache kabisa. Mimea mingine hufanya kinyume: huko Zurich wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo walitumia Hypericum, mmea wa kuondoa huzuni, kiwango cha saiklosporini, dawa nyingine ya kuzuia mwili usikatae kiungo, kikashuka na miili yao ikaanza kuikataa mioyo.

Manjano kidogo kwenye mchuzi hayana neno. Tatizo ni kidonge, kwa sababu kimekolezwa.

Kama ameshavimeza, asiache dawa zake wala asipunguze dozi mwenyewe. Pigeni simu kliniki leo, waambieni jina la vidonge na siku alizotumia, waombeni wapime kiwango cha takrolimasi. Damu hutolewa asubuhi kabla hajameza dozi, kwa hiyo aende na dawa yake mfukoni.