Kukausha na kubana maua: kazi inaanzia grinihausi

Anayeanza kazi hii karibu kila mara huuliza kwanza: nikaushe kwa kutumia nini? Anataka habari za silika jeli, yaani chembe zinazonyonya maji, oveni, mbao za kubania. Mimi humuuliza ua lilikatwa saa ngapi. Ua likiingia chumba cha kukaushia na maji kwenye petali, litatoka na madoa ya kahawia, na hakuna ufundi wa kuyafuta.

Hapa Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi ni kali. Ingia grinihausi alfajiri utazame juu: plastiki imejaa matone upande wa ndani, na jua likipanda kidogo yanaanza kudondokea matumba. Hapo ndipo ukungu wa kijivu, botritisi, unapopata mlango. Huanza na kidoa kimoja ukingoni mwa petali, kidogo kama kichwa cha pini. Ua bichi lenye kidoa hicho huuzika na mnunuzi asishtuke. Lakini lining'inize wiki mbili likikauka polepole, uone kidoa kilivyotembea. Kwa hiyo fungua mapazia ya pembeni mapema hewa nzito itoke, mwagilia asubuhi na si jioni, maji yaende kwenye shina kwa mpira wa matone. Kata kuanzia kama saa nne, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali.

Waridi kata likiwa limefunguka nusu, maana huendelea kufunguka linapokauka. Jekundu sana hugeuka karibu jeusi. La pinki na la machungwa hushika rangi vizuri zaidi. Jeupe huishia rangi ya krimu. Kwa wageni wa kazi hii napendekeza statisi au helikrisamu, kwa kuwa petali zake ni kavu tangu shambani.

Kuning'iniza ni rahisi: mashina matano hadi kumi kwa fungu, vichwa chini, chumba chenye giza na hewa, wiki mbili au tatu. Funga kwa rababendi, usitumie uzi. Shina hukonda likikauka, uzi ukalegea, fungu zima likaanguka sakafuni. Shina likivunjika kwa mlio, limeiva.

Silika jeli ni ghali lakini hulinda umbo. Mimina taratibu katikati ya petali, funika chombo, ngoja siku tatu hadi saba. Vaa barakoa, vumbi lake si zuri. Ikishanyonya maji, ipashe moto kwenye oveni irudi kazini. Walio Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika waanzie hapa, kwa sababu hewa ya pwani ni mbichi mno kwa kuning'iniza.

Kubana ni kazi ya gazeti na subira. Weka ua ndani ya gazeti la kawaida, si karatasi ya kung'aa, katoni juu na chini, kisha uzito. Siku tatu za mwanzo badilisha gazeti kila siku. Wengi hawataki kulisikia hili. Lakini hata wataalamu wa mimea hubana hivyo hivyo. Mkusanyo wa mimea iliyobanwa ya Afrika Mashariki, ulioanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, umejengwa kwa gazeti na mbao. Jizoeze na bogainvilia ya uani. Haibiskasi iache kwanza, ina ute na hung'ang'ania karatasi.

Kama umeajiriwa shambani, waridi lililokataliwa kwa shina fupi au lililopinda linafaa kabisa kukaushwa. Ila ni mali ya shamba: omba kibali cha maandishi, maana askari wa getini hasikilizi hadithi. Na limepigwa dawa, kwa hiyo vaa glavu, na usithubutu kuliweka kwenye chai au keki, hata mteja akibembeleza.

Kazi iliyokwisha iweke kwenye boksi kavu lenye pakiti ya silika, ukague wadudu mara kwa mara. Ya fremu itundikwe ukuta usiopigwa na jua. Mteja akiuliza rangi itadumu miaka mingapi, mwambie kabla hajalipa kwamba itafifia, halafu mwonyeshe kipande chako cha zamani akione mwenyewe.