Jibu: Viza ya tourist haitoshi kwa kazi ya chumba na chakula

Dada, umeuliza kama unaweza kutoka hapa Lushi (Lubumbashi) ukaenda Ulaya na viza ya tourist, ukae kwa wenyeji, ufanye kazi kidogo wakupe chumba na chakula. Hapana, haitoshi. Watu wanafikiri juu hakuna mushahara basi si kazi, kumbe inchi mingi zinahesabu chakula na kitanda kama malipo, Uingereza na Marekani pale hawachezi kabisa, wakikuta kwa simu yako meseji za masaa ya kazi wanaweza kukurudisha na ndege hiyohiyo.

Mambo ya kazi kwa chumba na chakula ni ya kweli lakini, WWOOF, shirika lenye linaunganisha wageni na wenye mashamba, ilianza Uingereza 1971 na iko mpaka leo, wewe unapalilia, unachuma matunda, unalisha kuku. Mwenye amelima mahindi njia ya Kasenga hatashangaa kazi, atashangaa baridi tu. Ila tafuta kwanza viza yenye inaruhusu, na ujue ile ya Schengen (viza moja ya inchi mingi za Ulaya) inaomba asiransi (bima) ya euro 30.000 na feza ya kuishi, ata kama mwenyeji anakulisha.

Mbele ya kukata tiketi umwandikie, akujibu kwa maandishi: masaa ngapi kwa siku, siku gani ya kupumuzika, chumba ni yako peke yako ao munalala wengi, kutoka shambani mpaka gari la moshi ni mbali? Akikuomba pasipoti aikuwekee, kataa. Na feza ya kurudi ukae nayo wewe mwenyewe.