Nikitolewa mshipa mguuni, damu itapita wapi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mwanamke wa miaka 47 na mama wa watoto wanne. Tangu ujauzito wa tatu, mishipa ya mguu wangu wa kushoto imetokeza na kujisokota kuanzia pajani hadi kwenye shavu la mguu. Jioni mguu huwa mzito na huvimba, na mwaka huu ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi na inawasha. Daktari wa upasuaji ameshauri mshipa uondolewe. Ukiondolewa, damu itapita wapi? Na je, hakuna njia nyingine?

JIBU: Mwalimu, hofu yako ninaisikia kwa wagonjwa wengi, nami naona ni ya haki. Damu ya mguuni hupanda kurudi moyoni kwa njia mbili za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni: vena za ndani, zilizojificha katikati ya misuli, ambazo hubeba takribani sehemu tisa kati ya kumi za damu hiyo, na vena za juu, zilizo chini ya ngozi, ambazo hubeba iliyobaki. Ndani ya vena mna valvu, yaani vijilango vinavyoiruhusu damu kupanda na kuizuia isishuke. Valvu zikilegea, damu hushuka kila mtu anaposimama, na vena hutanuka na kujisokota. Kwa hiyo mshipa unaohofia kuupoteza hauisaidii tena damu kupanda; huirudisha chini, na shinikizo hilo ndilo linalovimbisha mguu na kuigeuza ngozi rangi. Ukiondolewa, damu hupita katika vena za ndani, ambako sehemu kubwa ilikuwa ikipita tangu mwanzo.

Jibu hilo lina sharti moja, nalo ni kwamba vena za ndani ziwe wazi. Mtu aliyewahi kupata bonge la damu mguuni, jambo ambalo hutokea kwa baadhi ya wanawake wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, anaweza kuwa na vena za ndani zilizoziba, na hapo vena za juu zilizotanuka huwa ndizo njia ya pekee iliyobaki. Ndiyo maana kabla ya kisu lazima ufanyiwe ultrasaundi ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita ndani ya vena. Hupimwa ukiwa umesimama, uzito umeuegemeza mguu mwingine. Mpimaji huweka kifaa kwenye kinena, huliminya shavu la mguu kwa mkono, kisha huliachia ghafla. Kwenye skrini damu huonekana ikipanda kwa rangi moja. Valvu ikiwa nzima, damu hutulia papo hapo. Ikiwa mbovu, rangi hubadilika kwa kuwa damu inashuka, na ikiendelea kushuka kwa zaidi ya nusu sekunde, vena hiyo huhesabiwa kuwa inavuja. Kutazama na kupapasa hakutoshi, na kama umeshauriwa upasuaji bila kipimo hiki, omba kifanyike kwanza.

Upasuaji wenyewe ni wa zamani: njia ya kupitisha waya ndani ya vena na kuivuta nje ilielezwa na Babcock wa Marekani mwaka 1907. Ukiwa umepewa nusu kaputi au sindano ya ganzi ya mgongoni, daktari hupasua sentimita chache kwenye kinena, huifunga na kuikata vena pale inapoungana na vena kubwa ya ndani, hupitisha waya hadi chini kidogo ya goti, kisha huivuta. Zamani ilivutwa hadi kifundoni, lakini chini ya goti neva ya hisia imeambatana nayo, na wagonjwa wengi walibaki na ganzi upande wa ndani wa mguu. Vifundo vilivyotokeza kwenye shavu la mguu hutolewa kimoja kimoja kwa kulabu ndogo, kupitia matundu ya milimita 2 au 3.

Njia nyingine zipo. Vena inaweza kuunguzwa kwa ndani kwa leza au kwa mawimbi ya redio, au kuchomwa dawa ya povu inayoifanya ishikamane na kuziba. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 huweka kuunguza kwanza, povu la pili na upasuaji wa tatu; kwa njia mbili za kwanza maumivu na siku za kukaa nyumbani hupungua. Hapa kwetu mashine hizo zipo katika hospitali chache, na upasuaji unaofanywa na mtu aliyeuzoea bado ni tiba nzuri. Soksi za kubana hupunguza uvimbe na uzito, lakini haziponyi valvu. Wanaokushauri uchanjwe kwa wembe ili “damu chafu” itoke usiwasikilize kabisa, kwa maana vena hizo zina shinikizo kubwa na hutoa damu nyingi mno.

Kama vena zako zingekuwa zinakukera macho tu, ningekuambia usubiri. Ngozi nyeusi inayowasha juu ya kifundo ni jambo jingine, kwani ndipo kidonda huanzia. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, miongoni mwa waliokuwa na vidonda, kidonda kilirudi ndani ya mwaka kwa asilimia 12 ya waliopasuliwa na kuvaa bandeji za kubana, na kwa asilimia 28 ya waliovaa bandeji pekee. Wewe hujafika huko, nami naona daktari wako amekushauri vyema.

Tarajia damu kuvilia pajani, na likizo ya wiki moja hadi tatu. Utatakiwa kutembea siku hiyo hiyo, maana kulala muda mrefu huleta bonge la damu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, nenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Vena nyingine zinaweza kutanuka miaka ijayo. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari kabla ya kupangiwa tarehe, kwa kuwa vile vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda.