Nibadilishe kondoo wote wawe chotara wa Dorper?

SWALI: Daktari, nina kondoo wekundu wa Kimaasai wapatao 50 huku Kajiado. Jirani ana dume la Dorper na wanakondoo wake wananenepa haraka. Nataka nipandishe majike yangu yote kwa dume hilo, ila baba anakataa, anasema kiangazi kitatuumbua. Pia anafunga olopololi, yaani malisho ya akiba ya kiangazi, nami naona nyasi zinakaukia bure. Nani ana haki?

JIBU: Ndugu, baba yako ana haki zaidi, ingawa jirani naye hakudanganyi. Dorper ni mbegu iliyotengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama, na ni kweli huwahi kupata uzito. Chotara wa kwanza ni mnyama mzuri: mwili anaupata kwa baba, ustahimilivu kwa mama. Tatizo linaanza unapomrudishia chotara huyo dume la Dorper tena na tena. Ustahimilivu unapungua kila kizazi, na siku ukiuhitaji huna tena jike jekundu la kukurudisha nyuma.

Ustahimilivu wenyewe ni upi? Mkubwa ni dhidi ya Haemonchus contortus, mnyoo wa tumboni anayefyonza damu. Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya, kwenye unyevu mwingi, ulionyesha kuwa kondoo mwekundu alihimili minyoo hiyo na kuleta faida kubwa kuliko Dorper. Kwenye maeneo makavu kiasi, yenye mvua chache, pengo hilo hupungua, ndiyo maana jirani yako anatamba. Subiri masika marefu.

Jipimie mwenyewe. Mshike kondoo kichwa, bonyeza jicho taratibu kwa kidole gumba na kuishusha kope ya chini. Ikiwa ndani yake ni nyekundu kama nyama mbichi, yuko salama. Ikiwa imepauka, damu imefyonzwa, mpe dawa. Ukiona na uvimbe laini chini ya taya, umechelewa, mtibu leo hii. Usiwanyweshe dawa wote kwa mkupuo kila mwezi, maana unazalisha minyoo sugu. Tibu walioathirika. Wale wanaougua kila msimu, wauze, usiwazalishe.

Mpango wangu kwako: majike bora 30 yabaki na dume jekundu, yale 20 yapeleke kwa Dorper, na wanakondoo wote wa kundi hilo, wa kike kwa wa kiume, waende sokoni. Dume chotara asibaki zizini hata kama anavutia. Msipoweza kuchunga makundi mawili, tumieni ile ngozi ambayo wazee humfunga dume tumboni asipande. Kazi yake naiheshimu kuliko vifaa vingi ninavyouziwa. Dume jekundu naye badilishana na mfugaji wa mbali kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa.

Kuhusu olopololi, hapo umekosea kabisa. Nyasi unazoziona zinakauka zimeshaangusha mbegu na kujaza akiba mizizini, ndiyo sababu zitachipua mvua ya kwanza. Zikiliwa mfululizo, za kudumu hufa, yanabaki magugu na udongo mtupu. Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, wana ngitili, kwa kazi hiyo hiyo. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza huko 1986, ulirudisha uoto kwenye maelfu ya hekta kwa kufufua desturi hiyo badala ya kuleta mpya. Faida nyingine inakuhusu moja kwa moja: viluwiluwi vya minyoo hukaa sehemu ya chini ya majani mabichi, na jua kali likiwapata bila mnyama wa kuwameza, wengi hufa. Kondoo anayeingia kwenye malisho yaliyopumzika, asiyelazimika kuguguna hadi ardhini, humeza wachache zaidi.

Ukienda kununua dume, usidanganywe na rangi. Chotara wengi ni wekundu vilevile. Tazama mkia mnene wenye mafuta na nywele badala ya manyoya, halafu uliza mama yake ni nani, na ikiwezekana uoneshwe.