Mkate wa moto Tokyo: ufike saa ngapi, ule upi kwanza

Rafiki zangu wanaokuja Tokyo huniuliza duka la mkate lenye foleni ndefu kuliko yote. Foleni hazikosekani mjini hapa. Mimi huwauliza kwanza: unataka kula pale pale mlangoni, au unataka mkate wa kwenda nao nyumbani? Kuna mikate ya Kijapani ambayo utamu wake huisha nusu saa baada ya kutoka tanurini, na kuna mingine ambayo ukiikata ingali moto umeiharibu. Wageni wengi husimama kwenye foleni bila kulijua hilo, kisha wanasema mkate wa Japani umesifiwa kupita kiasi.

Anza na shio pan, mkate wa chumvi. Asili yake ni duka la Pain Maison la mji wa Yawatahama, mkoa wa Ehime, ambako ulibuniwa mwaka 2003 uwe mkate wa kuliwa majira ya joto, watu wanapotoka jasho na hawana hamu ya mkate wa kawaida. Siku hizi duka hilo lina matawi hadi Tokyo. Unga hukunjwa kuzunguka kipande cha siagi. Tanurini siagi inayeyuka na kuacha shimo katikati, halafu inashuka chini na kuukaanga upande wa chini wa mkate. Kwa hiyo juu unalainika, chini unakatika kwa mlio, na chembe za chumvi zinakukuta ulimini kabla ya chochote. Huu ule umesimama, ungali unachoma vidole. Ukifika nao hotelini jioni, umebeba mkate mdogo tu wenye mafuta.

Karee pan nao ni wa kula moto, ila upe dakika chache. Ni mkate uliojazwa mchuzi mzito wa bizari, ukapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Duka la Cattlea, mtaa wa Morishita, hutajwa mara nyingi kuwa chimbuko lake, mwaka 1927. Ganda hupoa haraka na kukudanganya, huku mchuzi wa ndani ukiwa bado unatokota. Ng'ata pembe, acha mvuke utoke, kisha endelea.

Kuhusu saa: usijisumbue kuwahi mlango unapofunguliwa. Maduka mengi hubandika ratiba ya kila mkate na saa yake ya kutoka tanurini, ukutani au kwenye kurasa zao za mtandaoni. Piga picha ratiba hiyo, rudi dakika kumi kabla. Mkate ukitoka, mfanyakazi atatangaza kwa sauti, "Yakitate desu!", yaani umetoka tanurini sasa hivi, na utaona hata bibi kizee aliyekuwa akichagua polepole anageuka ghafla. Unachukua sinia na koleo mlangoni, unajihudumia, unapeleka kwenye kaunta. Usiguse kwa mkono, na ukishauweka mkate kwenye sinia lako usiurudishe rafuni. Chukua na pesa taslimu, maana maduka madogo kadhaa hayapokei kadi. Wakikupa mfuko wenye mdomo wazi usiukunje. Wameuacha hivyo makusudi ili mvuke utoke na ganda lisilegee.

Sasa tuje kwa shokupan, ule mkate mkubwa wa slesi, mweupe, wenye harufu ya maziwa. Hapa ndipo watu wanapokosea. Ukitoka tanurini, ndani bado ni mbichi kwa namna fulani: wanga haujakaza na unyevu haujatulia. Ukikata unabanwa na kuwa kama ugali, na kisu kinatoka kimeganda unga. Ndiyo maana duka likikwambia halikati mkate wa moto, halikunyimi huduma. Nunua mzima, uache upoe saa mbili au tatu, kata mwenyewe. Wakikubali kukata watakuuliza unataka slesi ngapi. Watu wa Osaka hupenda nne au tano nene, Tokyo wengi huchukua sita au nane. Mimi ni mtu wa slesi nne. Slesi nyembamba ya shokupan naiona hasara.

Kwa shokupan nakupeleka Pelican, karibu na kituo cha Tawaramachi, jirani na Asakusa. Duka hili lilianza mwaka 1942, na huuza vitu viwili tu: shokupan na mikate midogo ya mviringo. Hakuna krimu, hakuna mapambo. Utakuta rafu zimejaa mikate na bado usiuziwe, kwa kuwa mingi ina wenyewe walioiagiza. Basi nawe agiza mapema, au mwombe mtu wa hoteli akupigie simu. Jumapili hufungwa.

Anpan nimeuweka mwisho kwa sababu ndio pekee ninaoupenda ukiwa umepoa kabisa. Ni mkate mdogo wenye maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Tuliokulia Pwani tukila mahamri kwa mbaazi hatushangazwi na kunde kukutana na unga. Kinachoshangaza ni ule utamu. Duka la Kimuraya, mtaa wa Ginza, liliubuni mwaka 1874, na mwaka uliofuata, tarehe 4 Aprili, Mfalme Meiji akaandaliwa ule wenye ua la mcheri lililotiwa chumvi juu yake. Ua hilo bado lipo kwenye anpan yao ya sakura, na hiyo ndiyo ya kuchagua, kwani chumvi yake inaukata utamu wa maharage.

Kwa Waislamu wenzangu: anpan ya Kimuraya haiumuliwi kwa hamira ya kawaida, bali kwa chachu ya mchele na koji, ukungu wa kuchachushia, koji ile ile inayotumika kutengenezea sake, pombe ya mchele. Sina fatwa ya kukupa, muulize unayemwamini. Karee pan huweza kuwa na nyama ya nguruwe au kukaangwa kwa mafuta yake, na mikate mingine huwekwa pombe ya kuongeza harufu, hasa yenye zabibu. Mkate unaookwa na kuuzwa wazi dukani haulazimiki kuwa na lebo ya viungo, hivyo usitegemee kusoma. Andika maswali yako kwa Kijapani kwenye simu na umwonyeshe muuzaji kabla hujashika koleo. Mara nyingi atakwenda jikoni kuuliza. Wanaotaka kutulia kabisa waende Tokyo Camii, msikiti wa Waturuki ulio Yoyogi-Uehara, kuna duka la vyakula vya halali hapo hapo.

Shokupan iliyobaki usiiweke kwenye friji, baridi ile huuchakaza mkate upesi kuliko kuuacha mezani. Funga slesi moja moja kwa plastiki, tia kwenye friza siku ile ile uliyonunua, na asubuhi itoe moja kwa moja kwenye tosta bila kuiyeyusha. Siagi paka baada ya kuiva.