Tangi la matofali limepasuka: niongeze simenti?

SWALI: Kamwene fundi, shikamoo. Tuko Wanging'ombe, mkoani Njombe, ukanda wa chini, mvua zetu ni za kubahatisha. Mwaka jana tulijenga tangi la duara la matofali ya kuchoma, upana mita 2.5, kimo mita 2, tuvune maji ya bati kwa ajili ya kunywa. Nyumba ni mita 10 kwa 6, tuko watu sita. Mvua za Januari zilipolijaza, asubuhi tukakuta ufa umesimama wima kuanzia usawa wa goti hadi karibu na juu, maji yote ya juu ya goti yamekwenda. Fundi anasema simenti ilikuwa chache, tununue mifuko mitano apige plasta nyingine ndani. Halafu yale maji yaliyobaki chini ya ufa, kufika Agosti yakawa yananuka na mtoto akaharisha. Koki haikuwekwa, tunachota kwa ndoo ya kamba kupitia mdomo wa juu. Mume wangu anasema tuuze ng'ombe tununue simtanki, yale matangi ya plastiki. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Ng'ombe abaki zizini kwanza. Na hiyo mifuko mitano msinunue mpaka mmalize kusoma.

Ufa wa tangi una lugha yake. Ukilala kuzunguka ukuta karibu na sakafu, mara nyingi msingi umetitia au sakafu haikushikana na ukuta. Ukisimama wima kama wa kwenu, ukuta umevutwa ukachanika. Simenti kidogo haichani ukuta kwa namna hiyo, na simenti nyingi peke yake haitauzuia.

Maji yanasukuma kwenda nje. Kwenye kina cha mita 2, kila mita ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa nguvu ya tani 2. Kwa upana wa tangi lenu, nimepiga hesabu: ile mita moja ya chini ya ukuta inavutwa kuchanika kwa nguvu inayokaribia tani 2. Tofali ni hodari wa kubebeshwa mzigo, ndiyo maana nyumba inasimama, lakini ukilivuta linaachia, na mchanganyiko wa simenti unaoliunganisha unaachia hata kabla yake. Umeona kihenge cha mianzi kikijazwa mahindi? Zinazozuia kisipasuke tumbo ni zile fito zinazozunguka, siyo zilizosimama. Tangi lenu ni kihenge kisicho na fito za kuzunguka. Kuongeza plasta ndani ni kukandika udongo kwenye kihenge kilekile.

Kwa nini ufa umeanzia gotini na siyo sakafuni ambako msukumo ni mkubwa zaidi? Kwa sababu pale chini kabisa sakafu inaushika ukuta. Hapo juu kidogo hakuna wa kuushika.

Kinachotakiwa ni waya. Nunueni waya wa mabati wa milimita 3, ule laini wa uzio usio na miiba, kilo 15 hivi, na wavu wa kuku wa kuzunguka tangi zima. Tangi likiwa tupu, fundi atindue ufa kwa patasi uwe kama herufi V, aulowanishe, aujaze kwa simenti moja na mchanga tatu. Kisha aanze chini kabisa kwa nje na kuuzungushia ukuta waya mfululizo, bila kukata, watu wawili wakivuta: mita ya chini kila sentimita 5, mita ya juu kila sentimita 10. Hapo chini ndipo mafundi wengi hufanya uchoyo, wanaweka waya sawasawa juu na chini kwa sababu unapendeza kwa macho. Msukumo haujali macho. Waya ukishakaa, wavu wa kuku unafungwa juu yake kwa bindingi waya (ule mwembamba wa kufungia nondo), halafu plasta ya nje ya sentimita 3 ili chuma kisile kutu.

Ndani, plasta ya zamani ikigongwa na kulia kama debe tupu, ibanduliwe. Zipigwe mbili mpya, kila moja sentimita 1, na niru (uji wa simenti na maji) juu ya ile ya pili siku hiyohiyo kabla haijakauka. Pembe ya sakafu na ukuta ijazwe iwe ya mviringo kama sehemu ya ndani ya bakuli; pembe kali ndiyo njia ya maji. Kazi yote, nje na ndani, itakula mifuko 9 hadi 10 ya kilo 50. Najua ni mara mbili ya ile aliyosema fundi wenu, na ndiyo maana nasema mapema. Lakini mitano yake ingetoka na maji Januari ijayo.

Mchanga nao. Huko kwenu mchanga wa korongoni una vumbi jekundu jingi, na simenti haishiki tope. Jaza mchanga kwenye chupa ya maji ya plastiki inayoona, kimo cha sentimita 10, ongeza maji, tikisa sana, acha ikae saa moja au zaidi. Mchanga utatulia chini na tope litajipanga juu yake kama krimu. Tope likifika sentimita 1, oshwe huo mchanga au utafutwe mwingine. Nimewahi kuona fundi akicheka jaribio hili, chupa ikaonyesha vidole viwili vya tope, akanyamaza na kwenda kuita trekta jingine la mchanga.

Halafu kulowanisha, ambako ndiko matangi mengi ya Iringa na Njombe hufia. Kazi hii mtaifanya Agosti au Septemba maji ya tangi yakiwa yameisha, na huo ndio wakati wa upepo mkavu. Simenti haiwi ngumu kwa kukauka, inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Ikikauka siku ya tatu inasinyaa na kuchora nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Siku 14, pungufu hapana: magunia yaliyolowana, juu yake nailoni ili msitumie maji mengi ya kununua. Mkishamaliza, tieni hata ndoo kumi sakafuni na mfunike. Na tangi la simenti lisiachwe kavu kabisa tena, kila kiangazi bakizeni maji chini.

Je, linawatosha? Lita moja ni milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa. Paa lenu ni mita za mraba 60 (pimeni sakafu kwa kivuli cha paa, siyo bati lenyewe lililoinama). Tuseme mwaka mbaya umeleta milimita 600, na moja ya tano imerukia nje au kukauka juu ya bati: 60 mara 600 mara 0.8, mtapata lita 28,800. Tangi lenu linabeba kama lita 9,800. Watu sita, lita 5 kila mmoja za kunywa na kupika, ni lita 30 kwa siku. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku 210 hivi, yaani lita 6,300. Linatosha, na chenji ya kuoshea vyombo inabaki. Mkilitumia kwa kila kitu, lita 20 kwa mtu, mtahitaji zaidi ya lita 25,000 na Agosti haitafika. Kufua na ng'ombe viendelee kutegemea kisima au bomba la kijiji.

Sasa harufu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mvua ikianguka ni safi kuliko maji mengi unayoyajua. Inachafuka kwenye bati, kwenye gata, kwenye mdomo wa tangi na kwenye ndoo yenu. Ile ndoo ya kamba inakaa wapi mkimaliza kuchota? Chini, kwenye udongo ambapo kuku wanapita. Kisha inarudi ndani. Simshtaki mtu, nami nyumbani kwangu niliwahi kujenga tangi zuri nikasahau wavu kwenye bomba la kumwagia yaliyozidi. Tulikunywa wiki mbili kabla mke wangu hajauliza kwa nini chai ina harufu. Alikuwa panya.

Kwa hiyo kabla ya plasta mpya, tobolewe tundu la koki sentimita 15 juu ya sakafu, bomba la chuma la inchi 3/4 lenye bapa la kulishika ukutani, ili matope yanayotulia yabaki chini ya koki. Tundu jingine usawa wa sakafu la kusafishia, lenye kifuniko cha kukaza. Mdomo wa juu ufunikwe kwa mfuniko wenye kufuli, kwanza kwa sababu ya watoto. Pasipoingia mwanga ukijani hauoti, na pasipo na tundu lisilo na wavu laini mbu hawatagi. Kuna wanaomimina mafuta ya taa kuua mbu. Maji hayo hayanyweki tena.

Juu ya bati, fikirini yanayolala hapo kati ya Juni na Novemba: moshi wa kuni, majivu ya mashamba yanayochomwa Septemba na Oktoba, vumbi, mavi ya ndege, na kama jirani analima viazi, dawa ya baka (ugonjwa wa majani ya viazi) inayopeperuka kutoka kwenye bomba lake la mgongoni. Mvua ya kwanza huyaosha yote na kuyapeleka moja kwa moja tangini. Dawa yake ni kiwiko kimoja cha PVC ambacho hakikugundishwa. Bomba linaloshuka toka gata likifika juu ya tangi liwe na kiwiko kinachozungushika kwa mkono. Kiangazi kizima kinatazama nje. Mvua kubwa mbili au tatu za mwanzo ziende zote nje, mfulie nguo. Baada ya hapo, kila mvua inayokuja baada ya siku kadhaa za jua, acheni dakika kumi za kwanza zimwagike, bati ling'are, ndipo mkizungushe kiwiko. Wataalamu huhesabu angalau milimita moja ya kwanza ya kumwaga, kwenu ni lita 60. Kuna vifaa vya kufanya hivyo vyenyewe, bomba lililosimama linalojaa kwanza, ila bomba la inchi 4 linabeba lita 8 tu kwa kila mita, na wengi hulisahau bila kulitoa maji mpaka linaoza. Mikono ya mwenye nyumba ndiyo kifaa ninachokiamini. Kama kuna mkaratusi au msindano unaoning'inia juu ya paa, ukateni matawi.

Mkishafanya hayo bado mchemshe maji ya kunywa. Yakibubujika sawasawa dakika moja yanatosha kwa kwenu. Ndugu zetu wa Makete na wengine walio juu ya mita 2,000 waache dakika tatu, maana huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kuni zikiwa shida, tumieni vidonge vya klorini vya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na yale ya kunywa yakae kwenye ndoo yenye koki na mfuniko. Maji ya mara ya kwanza baada ya plasta mpya yatakuwa na ladha ya simenti, hayo ni ya kufulia. Kuhusu mtoto: kama bado anaharisha, kituo cha afya leo, na ORS (ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) njiani.

Mumeo na simtanki yake. Hakukosea sana: halipasuki likiwekwa kwenye msingi tambarare, linajazwa siku linapofika, na kwa familia isiyo na fundi wa kuaminika ningelichagua. Lakini ndoo ya kamba ingelichafua vilevile, na bati lisiloachwa lioshwe lingelichafua vilevile, kwa hiyo koki, kiwiko na wavu mngevinunua tu. Ninyi tayari mna msingi na kuta. Mpelekeni fundi wenu dukani pamoja nanyi, waya upimwe kwenye mizani mbele yenu, na siku ya kuzungusha mumeo awe yule mtu wa pili wa kuvuta.